Kitambaa cha Mzee Bomba

Vidole alipoingia jikoni, kitu cha kwanza kukiona hakikuwa mashine aliyoitiwa. Alimwona Mzee Bomba mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa kibaraza, shati jeupe limefungwa vifungo hadi kooni, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja jina lake liitwe.

"Shikamoo, Mzee," akasema, akipiga goti kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko nyumbani?"

"Hatujambo. Jamani, nimefurahi kukuona!"

"Na mimi nimefurahi." Mzee akalitazama begi lake la vifaa kwa heshima. "Wewe ndiye msoma mita?"

Vidole akacheka. Mzee Bomba alikuwa mtu wa mizaha tangu zamani, mzaha wake ulikuja na uso mkavu, na mtu asiyemzoea aliweza kuumaliza mwezi mzima hajui kama alitaniwa. Kwa hiyo Vidole alicheka kwa sauti, akangoja lile tabasamu la upande mmoja. Halikuja. Mzee aliendelea kumtazama vilevile, kwa upole, akingoja jibu.

"Ni fundi huyo, baba," binti yake akasema kutoka kwenye sinki. "Amekuja kuangalia mashine ya vyombo." Kisha akamgeukia Vidole na kushusha sauti. "Usimjali, dada. Siku hizi anasahausahau. Umri tu."

Vidole akaitikia kwa kichwa, akapiga magoti mbele ya mashine. Shughuli ilimsaidia kuuficha uso.

Huyu mzee ndiye aliyemfanya kuwa fundi. Kabla yake, Vidole alikuwa mwosha vyombo katika jiko la hoteli moja kubwa, kazi ya kusimama mchana kutwa kwenye mvuke, kupanga sahani kwenye trei, kusukuma trei ndani ya mashine, kuitoa, kupanga tena. Siku moja mashine ile iligoma kutoa maji. Maji machafu yalikaa humo ndani kama supu iliyochacha, mpishi mkuu akawa anafoka, na wahudumu wakawa wanaosha vikombe kwenye ndoo. Akaitwa fundi. Akaja mtu mfupi, mnene kiasi, mwenye mdomo usiotulia, akalala chali sakafuni katikati ya makelele yote yale kana kwamba yuko kitandani kwake.

"Mashine bomba kabisa hii," akasema. "Tatizo lake ni mnaoilisha."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Chai ilikuwa bomba, mvua ilikuwa bomba, mkwe wake alikuwa bomba, hata siku alipovunjika jino alisema lile lililobaki ni bomba. Na kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya mabomba, jina likamganda, mpaka likapigwa rangi mlangoni pa karakana yake.

Siku ile aliona kipande cha glasi kimeingia chini ya pangaboi la pampu, mahali ambapo mkono wake haukuweza kufika. Alijaribu kwa plaisi, akajaribu kwa waya. Mwisho akainua kichwa na kuuliza: "Nani hapa ana vidole vya kuchezea uzi?" Wafanyakazi wote wakamnyooshea kidole mwosha vyombo, msichana mwembamba kuliko wote. Akalala sakafuni kando ya fundi, akaingiza mkono, akapapasa, akakitoa kipande kile bila kujikata. Fundi akabonyeza kitufe. Maji yakaondoka yakikoroma.

"Umewahi kufikiria kuacha kuosha vyombo?" akamuuliza.

"Kila siku," msichana akajibu, na fundi akacheka mpaka akashika mbavu.

Ndivyo alivyoanza, na tangu siku ile fundi akamwita Vidole. Mafundi wengine walimsuta mzee: mwanamke wa nini karakanani? Naye akawajibu kwamba pampu haina desturi ya kuuliza. Alimfundisha yote. Kwamba maji yakikaa, usikimbilie kufungua pampu: anza na chujio, halafu shimo lililo chini ya chujio, halafu mpira wa kutolea maji, kama umejikunja nyuma ya kabati au umelala chini bila kupanda kwanza, maana mpira usiopanda huirudishia mashine uchafu wa sinki. Kwamba vyombo vikitoka vichafu, shuku mkono wa maji, ule unaozunguka na kurusha maji: matundu yake huzibwa na chokaa na mbegu, na dawa yake ni siki, kijiti cha meno na subira. Na kwamba mkono huo haubanwi kamwe. "Unaushika tu, kama unavyomshika mtoto anayejifunza kutembea. Ukiukaza, hauzunguki. Usipozunguka, umeosha sahani moja katikati na nyingine umeziombea dua."

Baadaye Vidole alifungua shughuli zake mwenyewe, upande wa pili wa mji. Mzee alizeeka, mkewe akafariki, karakana ikafungwa, akahamia kwa binti. Walipigiana simu, kisha simu zikawa chache, kisha zikawa salamu za sikukuu tu. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Ndivyo maisha yalivyo, kila mtu na mbio zake. Mpaka binti alipompigia kusema mashine ya baba yake, ile aliyoifufua mwenyewe kutoka jalalani na kumpa yeye alipoolewa, imekataa kutoa maji.

Vidole akafungua mlango wa mashine. Maji yalikuwa yamejaa hadi juu ya chujio, rangi ya chai ya maziwa, utando wa mafuta juu yake. Akayachota kwa kikombe, akamalizia kwa sponji. Akazungusha chujio, akalitoa. Lilikuwa safi. Akamulika tochi ndani ya shimo, akaona kitu cheupe.

Akakivuta kwa vidole viwili. Kitambaa. Kipande cha shati kuukuu, kimekunjwa mara nne kwa unadhifu, kikasokotwa na kusukumwa ndani kama kizibo cha chupa.

Akabaki amekishika, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Alikijua kitambaa hicho. Siyo hicho chenyewe, bali mkunjo wake. Ndilo lililokuwa somo la kwanza kabisa karakanani: kabla hujagusa skrubu yoyote ndani ya mashine, ziba shimo kwa kitambaa, skrubu isije ikatumbukia kwenye pampu. Mara nne, kisha sokota. Na ukimaliza kazi, kabla hujafunga mlango, kitoe.

Akainua macho kwenye mkono wa maji. Nati yake ya plastiki ilikuwa na alama za meno ya plaisi pande zote. Akausukuma mkono kwa kidole. Haukusogea hata chembe. Ulikuwa umekazwa kama gurudumu la lori.

Vidole akageuka. Mzee Bomba alikuwa anamtazama kutoka kitini kwake, kwa makini ya mtu anayetaka kujifunza.

"Umeona nini?" akauliza.

"Kitambaa, Mzee."

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Watu bwana. Wanatia kila kitu."

*

Binti alilipokea jambo hilo akiwa amesimama kibarazani, mlango umefungwa nyuma yao.

"Unataka kusema baba ndiye anayeiharibu?"

"Haiharibu. Anaitengeneza. Mchana, ukiwa kazini. Anaifungua, anaziba shimo kama inavyotakiwa, halafu anasahau alikuwa anafanya nini."

Binti alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana kama ya baba yake, mshonaji katika kiwanda cha sare, na alikuwa na tabia ya kujibu haraka. Safari hii akaokota kibanio cha nguo kilichoanguka, akakibana kwenye kamba tupu.

"Juzi aliniuliza mama amekwenda wapi," akasema mwisho. "Nikamwambia. Akalia kama ndiyo kwanza anasikia. Jioni akaniuliza tena. Nikamwambia amekwenda dukani."

"Umempeleka kwa daktari?"

"Nimempeleka. Wamesema haina kurudi. Itakwenda ikiongezeka tu." Akamtazama Vidole usoni kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa nakwambia ni umri. Nilitaka niisikie sauti yangu ikisema hivyo mbele ya mtu mwingine."

Vidole akarudi ndani, akailegeza nati, akaupa mkono msukumo mdogo, ukazunguka. Akaendesha mashine, maji yakaingia, yakafanya kazi yake, yakatoka. Mzee alipiga makofi mawili.

Baada ya muda si mrefu akaitwa tena. Kitambaa kilichokunjwa vilevile, safari hii cha pindo la pazia. Halafu akaitwa tena, na mara hiyo mpira wa kutolea maji ulikuwa umefunguliwa na kulazwa sakafuni, na maji yalikuwa yamepita chini ya mlango mpaka kwenye ngazi. Mume wa binti, dereva wa malori aliyeonekana nyumbani kwa nadra, alikuwepo siku hiyo. Alikuwa mtu mwema, ila amechoka, na uchovu haujui kuchagua maneno.

"Shemeji," akamwambia Vidole, "tuiuze tu hii kwa watu wa vyuma chakavu. Kwani vyombo haviwezi kuoshwa kwa mkono?"

Mzee Bomba alisikia. Akasimama kutoka kwenye kiti chake, akajinyoosha, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ile ya karakanani.

"Hakuna mashine inayotupwa kabla mimi sijaiangalia! Fundi ni nani hapa?"

Mzee akabaki amesimama katikati ya jiko, kidevu juu. Kisha taratibu akaanza kuangaza macho huku na huko, mkono ukitafuta kitu mfukoni usikipate, na ikawa wazi kwa wote kwamba swali lile sasa alikuwa anauliza kweli.

Ndipo Vidole alipotoa wazo lake. Awe anakuja kila Jumamosi, wakae wote wawili, waifungue mashine na kuifunga. Kama mzee ana hamu ya kuitengeneza, basi aitengeneze mbele ya macho ya mtu. Siku nyingine binti aifungie kwa kamba. Binti alikubali. Hakuonekana kuamini sana, lakini anayezama hushika hata unyasi.

*

Jumamosi za mwanzo zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililofanya zilizofuata ziume zaidi.

Walikaa sakafuni, Vidole kwenye zulia la plastiki, mzee juu ya kibao cha chini. Mikono ya mzee ilikuwa bado inajua. Ukimpa bisibisi, vidole vyake viliikamata pale panapostahili bila kuulizwa. Alitoa trei ya chini, akatoa chujio, akalisugua kwa mswaki wa zamani, akauinua mkono wa maji kwenye mwanga wa dirisha na kuchungulia matundu moja baada ya jingine akifumba jicho moja. Akili ilikuwa inakwenda na kurudi, lakini mikono ilibaki.

Siku moja mashine ilikuwa inaendeshwa, Vidole akiwa ameshashawishika kwamba sahani za juu zinatoka chafu kwa sababu ya chokaa. Alikuwa tayari anatafuta siki. Mzee akamshika bega.

"Nyamaza. Sikiliza."

Akasikiliza. Maji yalikuwa yanapiga kuta: shwaa, shwaa.

"Hapo kati," mzee akasema. "Tak. Umesikia? Shwaa, tak. Kuna kitu kimening'inia kinaugonga mkono."

Vidole akazima, akafungua. Mwiko wa mpini mrefu ulikuwa umepenya kwenye waya za trei, ncha yake imeshuka na kuuzuia mkono usikamilishe mzunguko. Akautoa. Alishindwa kujizuia, akamkumbatia mzee pale pale chini.

"Mzee, wewe ni bomba!"

"Bomba kabisa," mzee akasema, na lile tabasamu la upande mmoja likatokea.

Kwa dakika chache alikuwa pale, mzima. Akauchukua mkono wa Vidole, akaugeuza kiganja juu, akavitazama vidole vyake.

"Una vidole vizuri vya kazi. Hujafikiria kuwa fundi?"

"Nimefikiria, Mzee."

"Nilikuwa na mwanafunzi mmoja mwenye vidole kama hivi. Msichana. Nilimtoa hotelini. Mafundi walinicheka, lakini yule mtoto alikuwa na kipaji, nakwambia. Nilikuwa nataka nimwachie karakana."

Hilo Vidole hakuwa amewahi kulisikia. Mzee hakulitamka hata mara moja.

"Ulimwambia?"

"Niliwaza nitamwambia. Halafu akaja akaniambia amepata chumba chake upande wa pili wa mji, anataka kujitegemea. Amefurahi hivi! Nikamwambia bomba kabisa." Mzee akaurudisha mkono wa Vidole kwenye goti lake, kama mtu anayerudisha kifaa cha kuazima. "Sijui yuko wapi siku hizi. Labda aliolewa."

"Mzee, ni mimi. Mimi ndiye Vidole."

Mzee akamtazama, akacheka kwa adabu, kama tunavyocheka mgeni anapotania na hatukuelewa utani wake.

"Hapana," akasema. "Yule alikuwa mtoto."

Siku hiyo Vidole alipokuwa anakusanya vifaa vyake, mzee hakutaka kuiachia bisibisi. Aliishika kifuani kwa mikono miwili. Vidole akaangaza macho jikoni, binti alikuwa amekwenda kuanua nguo. Ilikuwa bisibisi fupi, butu, ya mpini wa mbao. Itadhuru nini? Akamwachia. Mzee akaitia mfuko wa shati, akaupigapiga mfuko kwa nje, akaridhika.

*

Kuna ujanja ambao mafundi wa zamani walikuwa nao. Mashine ya kuoshea vyombo hukataa kuzunguka mlango ukiwa wazi. Sasa ukitaka kuuona mkono wa maji ukifanya kazi kwa macho yako, unaingiza ncha ya bisibisi kwenye kitasa, pale mlango unapojifungia, na mashine inadanganyika. Inaamini imefungwa. Unaacha upenyo, unachungulia. Mzee Bomba alimfundisha Vidole ujanja huo, na alimwonya palepale: maji yawe ya baridi, na usimame pembeni.

Ujanja aliukumbuka. Onyo ndilo lililopotea.

Siku chache baadaye binti aliporudi kutoka kiwandani alimkuta baba yake amekaa chini katikati ya maji, kamba ya mlango wa mashine imefunguliwa, mgongo kwenye kabati, mkono wa maji wa mashine uko mapajani mwake. Shati limegandamana mwilini. Ngozi ya mkono wa kulia, kuanzia kiganja hadi juu ya kiwiko, ilikuwa imeungua, imevimba na kuchubuka, na shingoni vilevile. Hakuwa analia. Alisema tu, "Hauzunguki," na akasema hivyo hivyo njiani, na hospitalini, na nesi alipokuwa akimfunga bendeji.

Vidole alifika wodini akihema. Binti alikuwa kwenye benchi la korido, na kwenye mfuko wa plastiki miguuni pake kulikuwa na shati la baba yake lenye unyevu.

"Bisibisi ameipata wapi?" akauliza, bila salamu.

Vidole angeweza kusema hajui. Mzee asingemsaliti, asingekumbuka.

"Nilimwachia mimi. Aliing'ang'ania. Nikaona nikimnyang'anya ni kama namnyang'anya…" Akaketi kando yake. "Nisamehe, mdogo wangu."

Binti alikuwa na haki ya kufoka, na Vidole alitamani afoke, ingekuwa nafuu.

"Mimi nilificha visu," binti akasema. "Nikaficha viberiti. Nikaficha funguo za nje. Kila siku naficha kitu. Sasa nitaficha na watu?" Akajipangusa pua kwa kiganja. "Njoo uiondoe ile mashine. Nakuomba. Iondoe wewe, usimwachie mume wangu, ataivunjavunja na baba ataona."

*

Kwa hiyo aliyeifungua mashine ile kwa mara ya mwisho ni Vidole. Alifunga bomba la maji, akachomoa waya, akaulegeza mpira wa kutolea maji na kuuelekeza kwenye beseni mpaka tone la mwisho. Kabla ya hapo, akiwa peke yake, alikuwa ameiendesha. Mazoea tu. Maji yaliingia vizuri, mkono ukazunguka bila kugonga popote, pampu ikayatoa yote bila kusita. Haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa imezeeka, basi, na ingeweza kuosha vyombo vya nyumba ile kwa miaka mingine mingi.

Aligeuka akamkuta mzee amesimama mlangoni, mkono wa bendeji umening'inia shingoni kwa kitambaa. Alikuwa amepungua. Kola ya shati ilimzunguka shingo kama pete kubwa.

"Inakwenda wapi?" akauliza.

"Inaondoka, Mzee."

"Imekufa?"

Vidole alikuwa amepiga magoti, spana mkononi. Kwa miaka yote ya kazi alikuwa ameambiwa na mtu huyu kwamba fundi anaweza kuchelewa, anaweza kukosea, anaweza hata kushindwa, lakini hamwambii mtu mashine imekufa wakati ni nzima. Wanaofanya hivyo ni matapeli, alikuwa akisema, na kutema mate pembeni.

"Imekufa," akasema.

"Nani ameipima?"

"Mimi."

"Umeangalia chujio?"

"Nimeangalia."

"Shimo? Mpira?"

"Vyote, Mzee."

"Pampu umeisikiliza?"

"Nimeisikiliza."

Mzee akaja polepole, akaweka kiganja cha mkono mzima juu ya bati la mashine. Lilikuwa bado na uvuguvugu kidogo wa maji yale. Vidole akashusha macho. Akawa na hakika kwamba ameshikwa, kwamba sasa hivi mzee atageuka na kumwambia, wewe unanidanganya mimi? Akagundua kwamba alikuwa anaomba iwe hivyo. Atukanwe. Afukuzwe. Chochote, ilimradi mzee ajue.

"Basi," Mzee Bomba akasema. "Kama umesikiliza, basi."

Akarudi kwenye kiti chake.

Wapagazi wawili waliichukua mashine na kuishusha ngazi, wakigombana nani abebe upande mzito. Mahali ilipokuwa pakabaki shimo la mraba kati ya makabati, na vumbi, na kijiko cha chai kilichopotea zamani. Baadaye mkwe alileta kabati la mbao likaingia pale, nusura lisitoshe. Binti akawa anaosha vyombo kwa mkono. Alisema haoni tofauti kubwa.

Mzee alimtafuta mgonjwa wake, ile mashine, kwa wiki kadhaa. Alifungua kabati lile, akapapasa ndani, akatoa sufuria, akairudisha. Halafu akaacha. Binti alisema labda ni afadhali. Vidole hakuona uafadhali wake, lakini hakubisha.

Aliendelea kwenda Jumamosi. Mara moja alimpelekea mkono wa maji aliouokota kwenye mashine iliyotupwa, akausugua ukang'aa, akauweka mapajani mwake, akitumaini kwamba mikono itafanya kile ambacho kichwa kimeshindwa. Mzee aliugeuza. Akaingiza ncha ya kidole kwenye tundu moja, akakitoa.

"Cha nini hiki?"

"Cha kurushia maji, Mzee. Cha mashine."

"Aha," akasema, na akamrudishia, kwa upole uleule wa siku zote. Mkono uliopona ulikuwa umekakamaa, vidole havikunjuki sawasawa. "Chukua chako, mwanangu. Usije ukakisahau."

"Dada, usiwe unajitesa," binti akamwambia siku hiyo wakiwa ngazini. "Mimi sina pa kwenda, ni baba yangu. Lakini wewe una shughuli zako."

"Nitakuja," Vidole akasema.

Na alikuja. Si kila Jumamosi, maana kazi nazo hazingoji, lakini alikuja. Mzee alianza kulala mchana, kisha akawa hatoki kitandani ila kwa kunyanyuliwa. Alipungua maneno, kwanza ya watu, halafu ya vitu. Daktari alikuwa amesema hivyo, na daktari hakukosea hata kimoja.

Mara ya mwisho alipokwenda, binti alikuwa anamfulia mashuka bafuni na akamwomba Vidole akae na baba yake kidogo. Vidole akavuta kiti karibu na kitanda. Akamsimulia kazi za wiki hiyo. Kulikuwa na mama mmoja, akasema, mashine yake inanuka na haitoi maji, ameshaita mafundi watatu, wamembadilishia pampu mara mbili. Nikaenda nyuma nikakuta mpira umelala chini kabisa, haupandi popote, sinki lote linarudi ndani. Nikaufunga juu, chini ya meza ya sinki, kwa kipande cha waya. Na mwingine alikuwa na mkono uliopasuka kwenye mshono, maji yote yanavujia ubavuni badala ya kupanda. Huo ukipasuka hauzibiki, Mzee, unajua. Nimeagiza mwingine, bado haujafika.

Mzee Bomba alikuwa anatazama dari. Katikati ya maelezo akafumba macho, kifua kikipanda na kushuka taratibu. Vidole hakujua kama amelala. Aliendelea kumweleza habari za mkono uliopasuka mpaka mwisho, akangoja kidogo, kisha akasimama, akaenda bafuni kumsaidia binti kukamua mashuka.